Korongo Taji Wawili: Ndege wa Bendera, Ndugu Yake wa Kaskazini na Historia ya Mabonde ya Mbarara na Nakivale

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu makala za sarufi, fasihi na mbinu za ufundishaji wa Kiswahili. Katika toleo hili tunawaletea historia ya ndege wawili. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, ndege hao ni wa jamii moja, na Kiswahili kinawaita kwa jina moja, ilhali hali zao za kuwapo duniani zinatofautiana. Pili, mmoja wao amechorwa katikati ya bendera ya Uganda, na makazi yake ni mabonde ya mto Rwizi unaopita Mbarara pamoja na kingo za ziwa Nakivale, ambako wakimbizi kutoka nchi mbalimbali wanaelewana kwa Kiswahili kila siku.

Katika makala haya tutawaeleza ndege wenyewe, tutalinganisha hali zao za uhifadhi, kisha tutafuatilia historia ya ardhi wanayoitegemea upande huu wa kusini magharibi mwa Uganda. Hoja yetu ni kwamba maneno yanayosemwa mara kwa mara, kwamba wakimbizi ndio waliommaliza ndege wa taifa, hayakubaliani na historia. Aidha, tutaonyesha kwamba walimu na wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya katika jambo hili, kazi ambayo mtaalamu wa ndege peke yake hawezi kuifanya.

Jina moja, ndege wengi

Tuanze na neno lenyewe. Neno korongo katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Kuna korongo bonde, yaani ufa mkubwa uliochimbwa na maji, kama katika Korongo la Olduvai kule Tanzania. Na kuna korongo ndege, mwenye miguu mirefu na shingo ndefu. Upatanisho wa kisarufi hututofautishia hao wawili bila taabu: tunasema korongo hili refu kwa bonde, na korongo huyu mrefu kwa ndege.

Tatizo linaanza tukishaingia katika ndege wenyewe. Kiswahili cha kila siku kinawaita korongo ndege wengi ambao hawana undugu wa karibu. Yule ndege mkubwa mwenye upara anayezunguka majalala ya Kampala, ambaye Waganda humwita kalooli, naye huitwa korongo. Ndege mweupe na mweusi anayekuja kutoka Ulaya wakati wa baridi ya kwao ni korongo. Ndege wa bendera ni korongo vilevile. Ndiyo maana waandishi wa vitabu vya wanyama wakaongeza neno taji, lenye asili ya Kiarabu, wakapata korongo taji, yaani korongo mwenye taji kichwani. Jina hilo linafaa, kwa kuwa nyoya zake za rangi ya dhahabu zilizosimama kisogoni hazifanani na za ndege mwingine yeyote wa Afrika Mashariki.

Lugha za jirani hazina utata huo. Kinyankole kinamwita entuuha, na Kiganda kinamwita engaali, jina ambalo pia ni la ukoo mmoja wa Buganda. Kinyarwanda na Kirundi kinamwita umusambi. Mzee wa Isingiro, mkimbizi kutoka Burundi na Mnyarwanda wa Akagera wote wana neno moja tu kwa ndege huyu, wala hawamchanganyi na mwingine. Kiswahili, lugha inayowaunganisha watu hao sokoni na shuleni, ndicho chenye neno pana kuliko yote. Jambo hili tutalirudia mwishoni.

Ndugu wawili na tofauti zao

Korongo taji wako wa aina mbili, na wote wanaishi Afrika tu. Wa kwanza ni korongo taji wa kijivu, ambaye jina lake la kisayansi ni Balearica regulorum. Huyu ndiye wa bendera ya Uganda. Anapatikana Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, na kuendelea kusini hadi Afrika Kusini. Wa pili ni korongo taji mweusi, Balearica pavonina. Eneo lake ni ukanda mrefu ulio kusini mwa Jangwa la Sahara, kuanzia Senegal na Gambia, kupitia Mali, Nigeria na Chad, hadi Sudan, Sudan Kusini na Ethiopia. Huku kwetu anafika kaskazini tu, katika maeneo ya mpakani na karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya.

Ukiwaweka pamoja, utawatofautisha kwa mambo matatu. Kwanza, shingo. Shingo ya wa kijivu ni ya kijivu hafifu, na ya mweusi imekoza hadi kukaribia weusi wa masizi. Pili, shavu. Wa kijivu ana shavu jeupe lenye doa jekundu upande wa juu, na mweusi ana shavu lililogawanyika, nyeupe juu na nyekundu chini. Tatu, kidevu. Wa kijivu ana kipande cha ngozi nyekundu kinachoning'inia kooni, wakati cha mweusi ni kidogo mno.

Mambo wanayofanana ni mengi zaidi. Katika jamii yote ya korongo wa kundi hili duniani, hawa wawili ndio pekee wanaotua na kulala juu ya miti, kwa kuwa kidole chao cha nyuma ni kirefu na kinaweza kushika tawi. Visukuku vya jamaa zao wa kale vimepatikana hata Ulaya na Amerika Kaskazini. Huko walitoweka dunia ilipopoa, na Afrika yenye joto ndiyo iliyowahifadhi. Kwa maneno mengine, wawili hawa ni masalia ya ukoo ambao zamani ulienea mabara kadhaa.

Kufanana huko kuliwachanganya hata wataalamu. Wapo waliowahesabu kuwa spishi moja yenye sura tofauti za kaskazini na kusini. Uchunguzi wa milio yao, na baadaye wa chembe za urithi, ndio uliowashawishi wengi kuwatenganisha. Msomaji asidhani kwamba huo ulikuwa ubishi wa maabara tu. Mradi ndege wawili wanahesabiwa kuwa mmoja, upungufu wa huyu unaweza kufichwa na wingi wa yule. Kutenganisha majina kulikuwa hatua ya kwanza ya kujua nani anapungua, wapi na kwa kasi gani.

Hali zao za uhifadhi

Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, hutunza orodha ya viumbe na kuwapanga katika ngazi za hatari. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, korongo taji wa kijivu alikuwa katika ngazi ya chini kabisa, ile ya viumbe wasiotia wasiwasi mkubwa. Ndugu yake mweusi ndiye aliyeonekana kuwa karibu na hatari. Mambo yakageuka haraka. Mwaka 2009 wa kijivu alipandishwa hadi ngazi ya walio rahisi kudhurika, na mwaka 2012 akapandishwa tena hadi ngazi ya walio hatarini kutoweka. Mweusi aliingizwa katika ngazi ya walio rahisi kudhurika mwaka 2010, na hakupanda zaidi ya hapo. Katika muda usiozidi miaka minne, ndege aliyedhaniwa kuwa salama alimpita ndugu yake kwa hatari.

Takwimu zinaeleza sababu. Mwaka 1985 korongo taji wa kijivu walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 katika Afrika nzima. Mwaka 2004 makadirio yalikuwa kati ya 50,000 na 64,000. Makadirio yaliyofuata katika muongo wa 2010 yalishuka hadi kati ya 26,500 na 33,500. Kenya na Uganda ndizo nchi zenye sehemu kubwa ya hao waliobaki.

Hapa pana jambo linalowatatiza wengi. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa bado kuna maelfu ya ndege hawa, na ikiwa kuna viumbe wengine ambao hawafiki hata mia tano, kwa nini waitwe walio hatarini? Jibu ni kwamba ngazi hizo hazipangwi kwa idadi peke yake. Hupangwa pia kwa kasi ya kupungua. Kiumbe aliyepoteza nusu au zaidi ya idadi yake katika muda wa vizazi vitatu anaweza kuwekwa katika ngazi ya walio hatarini kutoweka, hata kama waliobaki wanaonekana wengi. Ni kama mtu aliyekuwa na ng'ombe mia akabakiwa na thelathini. Jirani mwenye ng'ombe kumi na wawili ambao hawajapungua anaweza kuonekana maskini kuliko yeye, lakini aliyeko njiani kufilisika ni yule wa thelathini.

Hali kadhalika, macho hudanganya. Korongo taji huishi miaka mingi, na wale wasiozaa hukusanyika makundi makundi mashambani. Mkulima anayewaona kila msimu hawezi kujua kwamba jozi zile hazijafanikiwa kukuza kinda kwa miaka kadhaa. Wazee wanabaki, watoto hawapo. Siku wazee watakapokwisha, wataonekana kana kwamba wametoweka ghafla, kumbe kutoweka kwenyewe kulianza zamani.

Visababishi navyo vinatofautiana. Kwa korongo taji mweusi, pigo kubwa lilikuwa ukame wa Sahel katika miaka ya 1970 na 1980, ukifuatiwa na mabwawa ya kuzuia mito na biashara ya ndege hai. Katika delta ya ndani ya mto Niger nchini Mali, watu wamezoea kuwafuga majumbani. Nchini Nigeria, ambako mara nyingi anatajwa kuwa ndege wa taifa, karibu atoweke kabisa porini. Kwa sababu ya biashara hiyo, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, CITES, uliofanyika Geneva mwaka 2019, ulimhamishia katika Kiambatisho cha Kwanza, kinachokataza biashara ya ndege waliokamatwa porini. Wa kijivu yeye bado yuko katika Kiambatisho cha Pili.

Kwa korongo taji wa kijivu, jambo kuu ni ardhi oevu. Ndege huyu hujenga kiota chake katika maji mafupi, kati ya nyasi ndefu na kando ya mafunjo. Jike hutaga mayai mawili hadi manne, na wazazi wote wawili huatamia kwa takriban mwezi mmoja. Maji yanayozunguka kiota ndiyo ukuta wake. Bonde likikaushwa, ukuta umebomolewa: mbwa anafika, ng'ombe anakanyaga, na watoto wanaokota mayai. Baadaye ndege wanaotafuta chakula shambani hukutana na sumu zinazowekwa kwenye mbegu, na nyaya za umeme zinazokatiza bondeni.

Ndege wa bendera

Uganda na ndege huyu wana historia ndefu. Wakoloni Waingereza walimweka katika nembo ya himaya yao ya Uganda. Bendera iliyopendekezwa na serikali ya chama cha DP mwanzoni mwa mwaka 1962 ilikuwa na umbo la korongo. Chama cha UPC kiliposhinda uchaguzi wa Aprili mwaka huo, bendera hiyo iliachwa, lakini korongo hakuachwa. Bendera iliyopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, ambayo kubuniwa kwake kunahusishwa na Grace Ibingira, mzaliwa wa Ankole aliyekuwa waziri wa sheria, ilimweka katika duara jeupe akiwa ameinua mguu mmoja. Vyama viligombana kuhusu rangi, vikakubaliana kuhusu ndege.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba alichaguliwa kwa sababu hakuwa alama ya ufalme wowote wa Uganda, na hivyo hakuna aliyeweza kulalamika kwamba jirani yake amependelewa. Inafaa kulinganisha na upande wa pili wa mto Kagera. Nchini Rwanda, umusambi ni mnyama wa mwiko wa Abanyiginya, ukoo waliotoka wafalme wa nchi hiyo. Ndege yuleyule asiye wa upande wowote Uganda alikuwa ndege wa ukoo wa kifalme Rwanda. Ufalme huo ulipoporomoka kufuatia machafuko yaliyoanza mwaka 1959, wengi waliokimbia waliletwa katika makazi ya Nakivale.

Ardhi ya Nakivale na Mbarara

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Wakati huo eneo lilikuwa sehemu ya Ankole, kisha likawa la wilaya ya Mbarara, na sasa liko katika wilaya ya Isingiro. Baada ya Wanyarwanda wa kwanza walifuata wengine: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na Wanyarwanda wa baada ya 1994. Mgogoro wa Burundi wa mwaka 2015 na vita visivyokwisha vya Kivu viliongeza idadi, na wakazi wake wakazidi 100,000.

Sera ya Uganda ni kumpa mkimbizi kipande cha ardhi alime. Sera hiyo imesifiwa duniani, na ina haki ya kusifiwa. Lakini vipande haviongezeki, watu wanaongezeka. Anayefika baadaye anakuta mlimani pamejaa, na kilichobaki ni bondeni. Hapo ndipo jembe linapokutana na kiota.

Kutokana na hali hiyo, wapo wanaosema kwamba wakimbizi ndio waharibifu. Tunawaomba wasomaji waitazame historia kwa mapana zaidi.

Kwanza, ukaushaji wa mabonde kusini magharibi mwa Uganda haukuanzia Nakivale. Mabonde ya Kigezi na Ankole yaligeuzwa malisho ya ng'ombe wa maziwa na mashamba kwa miongo mingi, tena mara nyingi kwa kutiwa moyo na serikali, ambayo iliona kinamasi kuwa ardhi iliyolala bure. Ardhi oevu za Uganda zilikadiriwa kufunika takriban asilimia 15 ya nchi mwaka 1994, na miongo miwili baadaye zikakaribia asilimia 9. Upungufu huo ni wa nchi nzima, kuanzia mashamba ya mpunga ya mashariki hadi viwanda vya pembezoni mwa Kampala, na wakimbizi hawakuwa huko.

Pili, mto Rwizi, unaotoka katika vilima vya magharibi, kupita Mbarara na kuelekea maziwa ya mashariki yake, umebeba mzigo wa mji na wa mashamba ya juu. Vinamasi vya huko juu vilikuwa kama sifongo: vilinyonya maji ya mvua na kuyatoa polepole wakati wa kiangazi. Vilipolimwa na kupandwa migomba na malisho, mto ukaanza kujaa kwa ghafla na kupungua kwa ghafla. Wakazi wa Mbarara wanaifahamu shida ya maji inayofuata. Anayekausha bonde juu ya mto anamkausha korongo aliye chini ya mto, ingawa hajawahi kumwona.

Tatu, serikali zenyewe zilichora mipaka na kuifuta. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyo katika mfumo huohuo wa maziwa, ilitangazwa mwaka 1983, na wafugaji waliokuwa wakiishi humo wakafukuzwa. Hapo kabla, mwezi Oktoba 1982, maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa katika makazi yao ya Ankole, na wengi wakakimbilia Nakivale na Oruchinga. Serikali ilipobadilika katika miaka ya 1985 na 1986, wafugaji walirudi Mburo kwa hasira, na sehemu kubwa ya hifadhi ikakatwa ili wapewe. Upande wa Rwanda, wakimbizi wa 1959 na watoto wao waliporejea kwao baada ya 1994, walihitaji ardhi, na mwaka 1997 hifadhi ya Akagera ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu ili wapate pa kuishi. Korongo taji, wanaoruka mpaka bila kuonyesha pasi, walipoteza ardhi pande zote mbili za Kagera kutokana na historia moja ya watu kufukuzwa.

Tukiyaweka matukio haya pamoja, tunaona kwamba mkimbizi anayelima kando ya ziwa Nakivale ni kiungo cha mwisho katika mnyororo mrefu. Yeye ndiye anayeonekana, kwa sababu ndiye aliyesimama bondeni akiwa na jembe. Waliomsukuma mpaka hapo hawaonekani.

Juhudi za kuokoa

Historia haina mabaya matupu. Uganda ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 1988. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 237, iliiweka serikali kuwa mdhamini wa maziwa, mito na ardhi oevu kwa niaba ya wananchi. Novemba 2005 Kampala ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa nchi wanachama wa mkataba huo, na ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Septemba 2006, mfumo wa ardhi oevu wa Ziwa Mburo na Nakivale uliingizwa katika orodha ya Ramsar, ukiwa na ukubwa wa takriban hekta 26,800. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kuwapo kwa korongo taji wa kijivu, korongo nyangumi na ndege wadogo wa mafunjo, pamoja na samaki waliokwisha kutoweka katika maziwa makubwa.

Mfano wa kutia moyo zaidi unatoka kwa majirani. Nchini Rwanda, korongo taji walikuwa wakikamatwa wakiwa wadogo, wanakatwa mbawa na kufugwa katika bustani za nyumba na hoteli. Kuanzia mwaka 2014, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake waliendesha kampeni kwa ushirikiano na serikali. Waliokuwa na ndege hao waliombwa wawasalimishe bila kuadhibiwa. Wale wenye afya walipelekwa Akagera kuzoea tena maisha ya porini, na wasioweza kuruka wakapewa hifadhi Kigali. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 katika nchi nzima. Ilipofika mwaka 2023, idadi ilikuwa imevuka 1,000. Bado ni wachache, lakini wanaongezeka, jambo lisilosemwa kwa sehemu nyingi za eneo la ndege huyu.

Inafaa kutazama jinsi kampeni ile ilivyofanikiwa. Haikuanza na polisi. Ilianza na redio, na vitabu vya watoto, na mikutano ya vijiji. Ilizungumza na watu kwa Kinyarwanda, lugha yao, ikitumia jina umusambi ambalo kila mtu alilijua. Ujumbe ulifika kwa sababu lugha ilifika kwanza.

Nafasi ya Kiswahili

Hapo ndipo tunaporudi kwenye idara yetu. Nakivale haina lugha moja ya kwanza. Ina Kinyarwanda, Kirundi, Kinyamulenge, Kisomali, Kiamhara, Kitigrinya, Kinyankole cha wenyeji, na lugha nyingi za Kongo. Kampeni inayoendeshwa kwa Kiingereza haitamfikia mama anayelima bondeni. Inayoendeshwa kwa Kinyankole itawafikia wenyeji na kuwaacha wageni wakijiona washtakiwa. Kiswahili ndicho kinachoweza kuwaweka mwenyeji na mkimbizi katika baraza moja.

Nchini Uganda lugha hii imekuwa na safari ya kupanda na kushuka. Ilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 katika utawala wa Amin, ikachukiwa kwa sababu ya waliokuwa wakiitumia kwa bunduki, ikawekwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali mpango wa kuifundisha kwa lazima shuleni. Tumekuwa tukiuliza Kiswahili kitatumika kwa nini katika nchi hii zaidi ya mtihani. Tunapendekeza kwamba hapa pana jibu moja kati ya mengi.

Lakini ili Kiswahili kiifanye kazi hiyo, lazima kiwe na maneno yanayotosha. Mwanafunzi wetu akiandika tangazo lisemalo tulinde korongo, anamlinda nani? Msomaji wa Nakivale anaweza kudhani ni yule mla takataka, akacheka, akaenda zake. Hivyo tunawahimiza walimu wafundishe korongo taji wa kijivu na korongo taji mweusi kama majina mawili kamili, wayatumie katika insha na tafsiri, na wayaweke kando ya entuuha, engaali na umusambi, ili mwanafunzi ajue kwamba ni kiumbe yuleyule anayemfahamu kwao. Tunawahimiza pia watafiti wetu wakusanye majina ya ndege na mimea ya ardhi oevu kutoka kwa wazungumzaji wa Kiswahili waliopo Nakivale. Kiswahili cha Kivu na cha Bujumbura huenda kina maneno ambayo kamusi zetu hazijayaandika.

Hitimisho

Tumeona kwamba korongo taji wawili ni ndugu wa ukoo mmoja wa kale, waliotenganishwa na jiografia na kupigwa na mapigo tofauti. Mweusi aliumizwa zaidi na ukame na biashara, na ulinzi wake mkubwa unategemea sheria za mipakani na amani katika ukanda wa Sahel. Wa kijivu ameumizwa zaidi na kukauka kwa mabonde, na ulinzi wake uko mikononi mwa watu wanaoishi kando ya mabonde hayo. Ndiyo sababu wa pili, ingawa alidhaniwa kuwa salama, sasa yuko katika ngazi ya juu zaidi ya hatari.

Tumeona pia kwamba ardhi yake hapa kwetu haikuharibiwa na kundi moja la watu. Iliharibiwa na sera, na vita, na mahitaji ya maisha ya wenyeji na wageni kwa pamoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mkulima wa juu ya Rwizi, mkazi wa Mbarara, mfugaji wa Mburo na mkimbizi wa Nakivale wote wanakunywa maji ya mfumo mmoja, na korongo ndiye anayeonyesha mapema kama maji hayo yanatosha. Kazi ya kuwakutanisha inahitaji lugha. Lugha hiyo tunayo, na tunaifundisha. Kilichobaki ni kuipeleka bondeni.